Vyeti vya IT na Ajira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watafuta Kazi wa Tanga

Tukisema "cheti" hapa tuna maana gani?

Neno hili limebeba mizigo mitatu, na wengi hukosa kazi au hupoteza pesa kwa kuichanganya. Kwanza ni cheti cha chuo, yaani astashahada, ngazi ya 4 na 5 chini ya NACTVET. Juu yake huja stashahada, ngazi ya 6. Pili ni karatasi ya kuhudhuria semina au kozi, ambayo haithibitishi lolote zaidi ya kwamba ulikuwepo. Tatu ni cheti cha kitaalamu, unachopata baada ya kufaulu mtihani unaosimamiwa, wenye namba na toleo lake, kutoka kwa watoaji kama CompTIA, Cisco, Microsoft, AWS, ISACA au MikroTik.

Maswali yote hapa chini yanahusu hicho cha tatu. Tangazo likisema "mwenye cheti cha TEHAMA" bila kutaja jina, mara nyingi linataka astashahada. Hapo CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, peke yake haitakufikisha popote.

Basi kinasaidia au hakisaidii?

Kinasaidia uitwe kwenye usaili, pale tu ambapo anayesoma CV yako anakijua au analazimika kukitafuta. Baada ya kuitwa, kazi unaipata kwa unachoweza kufanya. Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: kati ya waajiri unaowalenga, nani anakijua?

Kwa Tanga, wagawe hivi.

Wenye duka la jumla Ngamiani, nyumba za wageni, shule binafsi na zahanati hawaulizi cheti. Wanauliza kama kamera zitaonekana kwenye simu, kama mashine ya EFD itatoa risiti kesho asubuhi, na ni shilingi ngapi. Hawa huwapati kwa karatasi. Utawapata kwa kazi uliyomfanyia jirani yao.

Benki, bandari, kiwanda cha saruji cha Pongwe, hoteli kubwa na mashirika yana watu wa rasilimali watu wanaochuja CV nyingi. Hapo cheti kinakutoa kwenye rundo. Ila ajira zao nyingi za IT hupangwa makao makuu Dar es Salaam, na Tanga huja kama kituo cha kazi. Ukisubiri bango lenye jina la Tanga utasubiri sana.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika, nalo ndilo lenye uhitaji mkubwa wa vyeti: kampuni zinazofunga mitandao, seva na mifumo ya usalama kwa zabuni. Nyaraka za zabuni mara nyingi hutaka CV na vyeti vya mafundi watakaofanya kazi. Zaidi ya hapo, watengenezaji kama Cisco huwapa kampuni washirika daraja kwa kuangalia, pamoja na mengine, idadi ya wafanyakazi wenye vyeti vyao. Kwa kampuni kama hiyo, cheti chako ni kitu inachokihitaji ili ipate biashara yenyewe. Zabuni za umma sasa hupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Angalia ni kampuni za aina gani zinazoshinda kazi za TEHAMA, kisha ziandikie moja kwa moja ukisema unaishi Tanga na unaweza kuhudumia Muheza, Korogwe, Pangani na Horohoro. Fundi aliyeko huku anaziokoa gari na posho ya safari ya takriban kilomita 350 kutoka Dar, na wenye kampuni wanaijua hesabu hiyo kabla hujawafanyia.

Na serikalini?

Serikalini elimu ya darasani ndiyo tiketi. Nafasi za Afisa TEHAMA Daraja la II hutaka shahada ya fani husika. Zile za wasaidizi huanzia stashahada. Sifa hizo zimo kwenye muundo wa utumishi, kwa hiyo hakuna msaili anayeweza kukusamehe. Cheti cha kitaalamu huingia pale tu tangazo linapokitaja.

Faida yake inakuja baadaye, kwenye usaili wa mchujo na wa vitendo. Aliyejiandaa kwa CCNA au Security+ (cheti cha usalama cha CompTIA) kwa kweli huyakuta maswali ya mitandao na usalama yakiwa mepesi kuliko aliyesoma madaftari ya chuo peke yake.

Kabla hujalaumu cheti, kagua haya kwenye Ajira Portal: barua ya maombi haina saini, umeambatisha matokeo ya muda badala ya cheti halisi, majina ya cheti cha kidato cha nne hayalingani na ya chuo na huna hati ya kisheria ya kuyaunganisha. Haya yanawaangusha watu wengi wenye sifa. Tume ya TEHAMA nayo husajili wataalamu wa fani hii. Usajili si ajira, ila ni vizuri uwemo.

Sina shahada. CCNA inaweza kuziba pengo hilo?

Kwa mwajiri binafsi, ndiyo, mara nyingi, hasa ukiwa na stashahada au mafunzo ya VETA na kazi za kuonyesha. Kwa serikali na kwa benki zinazotaka shahada kwa maandishi, haizibi.

Mitihani ya CompTIA ya A+, Network+ na Security+, pamoja na CCNA, haiulizi elimu yako. Aliyemaliza kidato cha nne anaruhusiwa kukaa. Iliyo tofauti ni mitihani ya ngazi ya juu. CISSP, ya usalama wa mifumo, inataka uzoefu wa miaka mitano; ukifaulu bila uzoefu huo unapewa hadhi ya mshiriki hadi uutimize. CISA ya ISACA, ya ukaguzi wa mifumo, pia inataka miaka mitano, ingawa mtihani unaweza kuufanya kabla. Kijana wa mwaka wa kwanza kazini anayekimbilia CISSP anatumia pesa nyingi kununua jina ambalo hawezi kuliandika kamili kwenye CV.

Nianze na kipi?

Usianze na cheti. Anza na matangazo. Kusanya matangazo 20 ya kazi unayoitaka, yaliyotoka ndani ya miezi sita, Tanga na Dar kwa pamoja. Chora jedwali: jina la kazi, elimu, uzoefu, cheti kilichotajwa, vifaa vilivyotajwa. Kilichotajwa mara tano na zaidi ndicho cha kufikiria. Kisichotajwa hata mara moja kiache, hata kama mitandaoni wanakisifu.

Kwa uzoefu wetu wa kusoma matangazo ya aina hii, picha inayojirudia ni hii:

Kuhudumia watumiaji na kompyuta zao: CompTIA A+ ina mitihani miwili, na toleo la 220-1201 na 220-1202 lilitoka mwaka 2025. Maudhui yake ni mazuri, ila jina lake halijulikani sana kwa waajiri wa huku. Ikiwa pesa ni kidogo, soma maudhui yake bila kulipia mtihani, kisha pesa uiweke kwenye CCNA.

Mitandao: CCNA, mtihani wa 200-301. Kwa Tanzania hili ndilo jina linalotambulika kuliko mengine ya ngazi hii, hata kwa afisa rasilimali watu asiyejua ruta ni nini.

Usalama: Security+, toleo SY0-701, lakini baada ya mitandao. Mtu asiyejua pakiti inapita wapi hawezi kueleza imeibiwa wapi.

Ukaguzi wa mifumo benki au kwenye makampuni ya ukaguzi: CISA, baada ya miaka kadhaa kazini.

Huduma za wingu: AWS Cloud Practitioner au Microsoft AZ-900 ni vya utangulizi. Havikupi kazi peke yake. Vinafaa kwa mtu aliye tayari kazini au anayepanda ngazi inayofuata.

Hospitali na vituo vya afya: vituo vingi vya serikali hutumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha hospitali. Aliyefanya fildi kwenye kituo kama hicho, akajua jinsi foleni ya wagonjwa inavyokwama seva ikizima, ana sifa ambayo hakuna mtihani wa Marekani unaoitoa.

MikroTik je? Naona iko kila mahali.

Ruta ya MikroTik iko kila mahali kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya mengi: watoa huduma wadogo wa intaneti, wenye hotspoti za vocha mitaani, hoteli na shule wanaitumia sana. Cheti chake cha kwanza, MTCNA, kina mtihani mfupi wa maswali 25 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 60. Ukipata kati ya 50 na 59 unaruhusiwa kurudia. Huwezi kujisajili peke yako nyumbani. Lazima uhudhurie darasa la mkufunzi anayetambuliwa na MikroTik, na gharama kubwa ni hilo darasa.

Kwa mtu anayetaka kujiajiri Tanga, ujuzi huu unalipa haraka kuliko CCNA. Kwa anayetaka kampuni kubwa, CCNA kwanza. Ukiweza vyote viwili, huwezi kukosa cha kufanya.

Itanigharimu kiasi gani?

Ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300 kabla ya kodi. Tukichukulia dola moja kwa shilingi 2,600, hiyo ni shilingi 780,000. AWS Cloud Practitioner ni dola 100, yaani shilingi 260,000 kwa kiwango hicho hicho. CompTIA hupanga bei kwa nchi, kwa hiyo angalia bei ya Tanzania kwenye tovuti yao wenyewe.

Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, usiku mmoja au miwili ya malazi, bando la kujisomea kwa miezi yote ya maandalizi, na akiba ya mtihani wa pili. Akiba hiyo wengi huiacha. Kisha wakifeli kwa pointi chache hukaa mwaka mzima wakitafuta ada, na waliyosoma yote yamepotea.

Malipo yenyewe yana vikwazo vyake. Kadi ya benki isiyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni hukataliwa. Piga simu benki kwanza. Kadi pepe za mitandao ya simu hufanya kazi, ila zina kikomo cha kiasi kwa siku na makato ya kubadili fedha, kwa hiyo weka zaidi ya kiasi kamili. Vocha za CompTIA zimefungwa na eneo. Vocha ya bei nafuu uliyouziwa WhatsApp, iliyonunuliwa kwa ajili ya nchi nyingine, itakataliwa siku unapopanga tarehe, na aliyekuuzia hapokei simu tena.

Mtihani unafanyika wapi? Naweza kuufanya nyumbani?

Cisco, CompTIA, Microsoft na AWS hutumia vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE. Fungua akaunti, andika eneo lako, na mfumo utakuonyesha kituo cha karibu chenye nafasi. Watu wengi wa Tanga hujikuta wakipanga Dar es Salaam.

Nyumbani inawezekana kwa mitihani mingi, kupitia kamera. Kwa mazingira yetu tunashauri kituo, isipokuwa una chumba chenye mlango unaofungika, umeme wa akiba na intaneti isiyoyumba. Kamera ikikatika, msimamizi anaweza kusimamisha mtihani. Mtoto akifungua mlango, mtihani unaweza kufutwa na ada isirudi. Hata kusoma swali kwa sauti ya chini unakatazwa. Simu haitakiwi mezani, kwa hiyo kama intaneti yako ni ya simu, iweke mbali usipoweza kuifikia na uichomeke chaji. Fanya jaribio la mfumo siku mbili kabla, saa ile ile utakayofanya mtihani, maana bando la usiku na la saa nane mchana havilingani kasi.

Ni nini huharibu siku ya mtihani?

Majina, kwanza kabisa. Jina la akaunti lazima lifanane na la kitambulisho. Ukijisajili "Juma Ally" na pasipoti inasema "Juma Ali", unarudishwa mlangoni. Namba ya NIDA pekee haitoshi. Lazima kadi yenyewe. Nenda na vitambulisho viwili, kimoja chenye picha na saini. Pasipoti ndiyo salama zaidi.

Pili, kuchelewa. Usipande basi la alfajiri ukitegemea mtihani wa mchana siku ile ile. Fika Dar jana yake. Ukiona mambo yamekwama, kwa Cisco na CompTIA unaweza kubadili tarehe bila kupoteza ada ikiwa imebaki zaidi ya saa 24.

Tatu, kung'ang'ania swali moja. Kwenye CCNA huwezi kurudi swali la nyuma, na muda ni dakika 120. CompTIA hukuruhusu kuruka na kurudi. Maswali ya vitendo huwa mwanzoni na hula muda, yaruke uyarudie mwisho.

Ukifeli: Cisco wanataka usubiri siku tano. CompTIA hawakuzuii kurudia mara ya pili mara moja, ila kabla ya mara ya tatu lazima zipite siku 14. Usirudie kesho yake kwa hasira. Chukua ripoti ya alama, ona sehemu uliyoanguka, irudie hiyo.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaweza?

Kiingereza cha mitihani hii si cha riwaya. Ni maneno mia chache yanayojirudia. Yaandike kwenye daftari kwa Kiswahili chako mwenyewe kadiri unavyosoma. Yanayoangusha ni maneno madogo ya swali: "bora zaidi", "ya kwanza", "isipokuwa". AWS hutoa dakika 30 za ziada kwa ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ombi hilo hufanywa kwenye akaunti kabla ya kupanga tarehe.

Nimepewa PDF ya maswali na majibu. Nitumie?

Hapana, kwa sababu mbili, na ya pili ni nzito zaidi.

Moja, unasaini makubaliano ya kutotoa wala kutumia maswali yaliyovuja. Ukigundulika cheti kinafutwa na unaweza kufungiwa mitihani yao. Mbili, aliyefaulu kwa dampsi, yaani maswali yaliyovuja kama hayo, anajulikana ndani ya dakika tano za usaili, na mji wetu huu si mkubwa. Wenye kampuni za mitandao wanafahamiana, na habari za mtu mwenye CCNA asiyejua kugawa anwani hufika Mombasa kabla yake.

Tena nyingi ya PDF hizo ni za matoleo yaliyokufa. Maswali ya CCNA 200-125 bado yanauzwa, na mtihani huo uliondolewa Februari 2020. Ukiona kitabu kinakufundisha Frame Relay, teknolojia iliyopitwa na wakati, kwa kurasa ishirini, kirudishe.

Sina ruta wala swichi. Nifanyie wapi mazoezi?

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, ni ya bure ukijisajili Networking Academy, na inabeba karibu yote ya CCNA. Kwa seva, weka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya pili ndani ya yako, na Linux ndani yake. Kwa MikroTik, pakua CHR, ruta yao iliyo programu tu. Leseni yake ya bure hubana kasi kuwa megabiti 1 kwa sekunde, lakini kwa kujifunza haikuzuii kitu.

Zoezi moja zuri lina thamani kuliko video hamsini. Jenga ofisi ya wakala wa forodha yenye vitengo vitatu, kila kimoja na VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi): mapokezi VLAN 10, hesabu VLAN 20, wageni VLAN 30. Swichi mbili, ruta moja, seva moja ya DHCP (inayogawa anwani) iliyo VLAN 20. Wageni wasifike kwenye hesabu, lakini intaneti waipate. Kisha vunja kwa makusudi, urekebishe.

Makosa utakayokutana nayo, karibu kwa mpangilio huu:

Interface (mlango) ya ruta imezimwa, kwa sababu umesahau `no shutdown`. Kila mtu husahau.

VLAN 10 na 30 hazipati anwani kwa sababu ombi la DHCP ni tangazo la kwa wote (broadcast), na matangazo hayo hayavuki ruta. Dawa ni `ip helper-address` kwenye kila interface ndogo isiyo na seva.

Umeongeza VLAN 30 kwenye trunk (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) kwa `switchport trunk allowed vlan 30`, na ghafla mapokezi na hesabu zimekufa. Amri hiyo haikuongeza; imefuta orodha ya zamani na kuacha 30 peke yake. Ulitakiwa kuandika `allowed vlan add 30`. Kosa hili limezima ofisi halisi nyingi, na ukilisimulia vizuri kwenye usaili, msaili atatabasamu kwa sababu naye limemkuta.

ACL (orodha ya ruhusa na makatazo) umeiweka sawa lakini hakuna anayepita: mwisho wa kila orodha kuna katazo lisiloonekana.

Kwa saa kumi kwa wiki, panga miezi mitano hadi sita. Anayekuahidi CCNA kwa wiki mbili anakuuzia dampsi.

Usiache kazi ya mikono. Mtihani hautakuuliza kwa nini kamera ya Raskazone inakatika kila masika. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula viunganishi vya shaba vilivyoachwa wazi. Tumia kebo ya nje, kiunganishi kiwe ndani ya boksi lililozibwa, kebo ipinde chini kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje. Kebo ya shaba isizidi mita 100. Mpangilio wa nyaya wa T568B ujue kwa moyo: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Usaili wa ufundi huulizwa nini?

Mara nyingi si jambo gumu; ni tukio la kila siku, ili waone mpangilio wa kichwa chako. Mfano: "Kompyuta ya mapokezi haina intaneti. Unafanyaje?"

Jibu baya ni "nitairistati". Jibu zuri lina ngazi. Je, ni moja au zote? Taa ya swichi inawaka? Anwani ni ipi? Ikianza na 169.254, DHCP haikujibu: kagua kebo, VLAN ya porti, kisha idadi ya anwani zilizobaki. Hotelini hili hutokea sana: anwani 100, wageni wana simu mbili mbili, na seva ya Windows imeachwa na muda wake wa kawaida wa kukodisha anwani, siku 8. Mgeni wa juzi amesharudi kwao, anwani yake bado imeshikiliwa. Wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Basi weka saa chache.

Anwani ikiwa sawa, pingi (jaribu kwa amri ya ping) geti la mtandao, kisha 8.8.8.8 ya Google, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisijibu, tatizo ni DNS, inayogeuza majina kuwa namba.

Swali jingine lisilokosekana ni la kugawa mtandao: 192.168.10.0/26 ina kompyuta ngapi? Ni 62. Na /27? Ni 30. Yafanye hadi ujibu bila karatasi.

Nataka usalama wa mitandao. Naweza kujaribu tovuti za hapa hapa ili nijenge jina?

Usifanye hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini, hata kama hukuiba kitu na hata kama ulikusudia kuwaonya. Fanya kwenye mashine zako za VirtualBox, au upate idhini ya maandishi yenye tarehe, mipaka na jina la aliyeruhusu. Upande wenye uhitaji unaokua ni wa taarifa binafsi: sheria yake imeanza kutumika Mei 2023, na hospitali, shule na saccos zinahitaji mtu wa kuwaeleza orodha ya wateja ikae wapi na nani aione.

Cheti kinaisha muda?

Vya CompTIA hapo juu isipokuwa vya zamani sana, CCNA, AWS na MTCNA: miaka mitatu. LPIC-1, cha Linux: mitano. Microsoft ngazi ya kati: mwaka mmoja, lakini kuhuisha ni bure mtandaoni, vya utangulizi kama AZ-900 haviishi. Cheti kilichoisha kiandike pamoja na tarehe zake. Usikifiche wala usikionyeshe kama kingali hai. Vingi vinathibitishwa kwa kiungo, na mwajiri makini hubonyeza.

Vyeti vya bure vya mtandaoni vina thamani?

Vya kukufundisha, ndiyo. Vya kukuitisha usaili, kidogo. Cheti cha IT Support cha Google kilichopo Coursera ni msingi mzuri, na Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada. Lakini CV yenye vyeti kumi na nane vya saa mbili mbili inamwambia msomaji kwamba hujui unachotaka.

Nikiandikeje kwenye CV?

Jina kamili, namba ya mtihani, mwezi na mwaka, kiungo cha kuthibitisha. Chini yake, kazi mbili au tatu: "Kufunga mtandao wa kamera 12 na swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwa kebo ya mtandao), shule ya msingi, Muheza, mchoro na jedwali la anwani vimeambatishwa." Picha za kazi ziwe na ruhusa ya mwenye eneo, na zisionyeshe nywila wala anwani za umma. Uliyemfanyia kazi akikubali kupigiwa simu, huyo ni mdhamini mzuri kuliko mhadhiri asiyekukumbuka.

Nina cheti miezi sita, siitwi popote. Tatizo ni nini?

Rudi kwenye jedwali la matangazo 20. Hesabu ni mangapi umetimiza elimu na uzoefu ulioandikwa. Kama ni machache, cheti kingine hakitakusaidia. Tafuta utarajali, hata wa miezi mitatu, kwenye kampuni ya kufunga mifumo au kwa mtoa huduma ya intaneti.

Kama unatimiza mengi na bado kimya, kosa liko kwenye CV au kwenye njia. Mpe mtu aliye kwenye fani aisome kwa sekunde 30, kisha muulize amekumbuka nini. Asipotaja cheti wala kazi uliyofanya, ipange upya: cheti na kazi nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, shule ya msingi iondoke kabisa. Tuma maombi kwa majina ya kazi yaliyo jirani pia: fundi wa CCTV, msaidizi wa mifumo, mhudumu wa mashine za malipo.

Na kama unaitwa lakini hupiti, andika kila swali lililokushinda siku hiyo hiyo, ukiwa bado kwenye daladala. Ukifika nyumbani fungua Packet Tracer, ulijenge.